Kitanda hakizai haramu, lakini mtoto huuliza

Katika familia nyingi lipo jambo ambalo watu wazima wote wanalijua, isipokuwa mtoto mmoja, naye ndiye mhusika: baba anayemlea siye aliyemzaa. Jambo hilo hufichwa kwa nia njema. Mtoto asidharauliwe, mama asinyooshewe vidole, nyumba isiingiliwe na maneno ya watu. Wahenga wenyewe walisema kitanda hakizai haramu.

Mmoja wa waliolelewa ndani ya siri ya namna hiyo ni Erik Erikson, mtaalamu wa tiba ya nafsi ambaye jina lake hukutana nalo karibu kila anayesomea ualimu au saikolojia ya watoto.

Alizaliwa mwaka 1902 karibu na jiji la Frankfurt, Ujerumani. Mama yake, Karla Abrahamsen, alikuwa Myahudi wa Denmark aliyejifungulia ugenini, mbali na kwao, na hakumtaja baba wa mtoto. Erik alipofikisha miaka mitatu, mama aliolewa na daktari wa watoto, Theodor Homburger. Daktari huyo alimpa mtoto jina lake na kumlea kama wake. Erik akaambiwa kwamba huyo ndiye baba yake mzazi.

Hata hivyo, mwili wake ulisema mengine. Alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya bluu. Kwenye sinagogi wenzake walimcheka kwamba si Myahudi. Shuleni alichekwa kwamba ni Myahudi. Taratibu akaanza kushuku kile alichoambiwa nyumbani.

Baba wa kambo alitaka asomee udaktari. Erik alikataa, akamaliza shule na kuzunguka Ulaya kwa miaka kadhaa akichora picha, bila kazi ya kueleweka. Mtaani angeitwa kijana aliyepotea.

Mwaka 1927, akiwa na miaka 25, rafiki yake alimwita Vienna, Austria, akafundishe katika shule ndogo iliyokuwa karibu na familia ya Sigmund Freud, baba wa tiba ya mazungumzo. Anna, binti wa Freud, aliona jinsi kijana huyo alivyoelewana na watoto, akamshawishi ajifunze kazi hiyo. Mafunzo yalimtaka mwanafunzi kwanza akae kwenye nafasi ya mgonjwa na kueleza maisha yake. Aliyemsikiliza Erik ni Anna mwenyewe.

Alihitimu mwaka 1933 na kuondoka na mkewe, Joan, wakati Hitler akishika hatamu Ujerumani. Wakahamia Boston, Marekani, akawatibu watoto. Alipopata uraia mwaka 1939 alichukua jina la Erikson, yaani mwana wa Erik. Mwaka 1950 alitoa kitabu kinachogawa maisha ya binadamu katika hatua nane. Ya kwanza ni ya mtoto mchanga kujifunza kuamini. Ya tano ni ya kijana kujiuliza: mimi ni nani? Miaka kumi baadaye alikuwa profesa wa Harvard, bila kuwa na shahada hata moja ya chuo kikuu. Swali alilolibeba tangu utotoni ndilo lililomfikisha huko.

Hapa ndipo habari yake inapouma. Mwaka 1944 Joan alijifungua mtoto wa kiume mwenye sindromu ya Down, hali inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili. Kwa ushauri uliokuwa wa kawaida wakati ule, mtoto alipelekwa kwenye kituo cha malezi. Watoto wengine nyumbani waliambiwa kwamba mdogo wao alifariki alipozaliwa, kumbe aliishi takriban miaka 20. Binti wa Erikson, Sue, ambaye naye alikuja kuwa mtaalamu wa tiba hiyo, aliandika juu ya siri hiyo mwaka 2005.

Mtu aliyejua vizuri kuliko wengi jinsi uongo wa nyumbani unavyomtesa mtoto, naye aliwadanganya wanawe. Hakuwa katili. Alikuwa mzazi aliyeogopa, na hofu haijali elimu ya mtu.

Mzazi aliye katika hali hiyo leo ana sababu ya kuanza mapema. Mtoto wa miaka mitano haombi historia ya ndoa za mama yake. Anatosheka kuambiwa kwamba yupo baba aliyemzaa na yupo baba anayemlea, na kwamba anaruhusiwa kuuliza. Mengine atayadai umri ukifika. Asipoambiwa na mama yake, ataambiwa na shangazi siku ya ugomvi, au na jirani msibani, na hapo atapata maumivu mawili: la kwanza habari yenyewe, la pili kugundua kwamba wote walijua.

Baba mlezi naye huhofia kwamba ukweli utamnyang'anya mtoto. Erikson alifariki mwaka 1994 bila kumjua aliyemzaa, lakini hakumfuta aliyemlea. Kwenye vitabu vyake alijiandika Erik H. Erikson, na hiyo H ni Homburger.