Hadithi za Kuandikiana Nazo Zina Adabu Zake



Mwezi huu ukurasa wetu wa adabu unaingia mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kutia mguu, ingawa watoto wetu wanapafahamu vizuri. Binti wa miaka kumi na mitano amejikunyata pembeni na simu yake, vidole vinakwenda mbio. Mama akiuliza, anajibiwa, "Tunaandika hadithi tu." Mama akitupa jicho anasoma: "Nauchomoa upanga wangu na kumkata zimwi mkono." Moyo unamwenda mbio. Mtoto huyu ana nini? Anaongea na nani?

Mara nyingi hapo simu hunyang'anywa, maneno makali husemwa, na mama hudhani mambo yamekwisha. Kumbe mtoto anaendelea, ila sasa kwa kujificha. Ndiyo maana tumeona vema kueleza mchezo huu ni nini, adabu zake ni zipi, na mama asimame wapi.

MCHEZO WENYEWE

Kila mchezaji hujibunia mhusika: mwindaji, malkia, mganga wa msituni, askari wa mfalme. Kisha huandika mambo anayosema na kutenda mhusika huyo. Mwenzake, ambaye huenda yuko mji mwingine au nchi nyingine, hudaka hadithi pale ilipofikia na kuiendeleza kwa mhusika wake. Hapana ubao wala karata, na mara nyingi hapana mshindi. Ni maneno matupu. Sisi tuliocheza kibaba na mama chini ya mwembe tunaujua mchezo huu: mmoja akisema, "Mimi ndiye mama, wewe mtoto," hakuna aliyemwita mwongo.

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao watu huucheza wakiwa wameizunguka meza. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw, na baadaye mwenzake Richard Bartle, walianza kutengeneza MUD, ambamo watu kadhaa waliweza kutembea pamoja katika nchi ya kubuni kwa kuandika maneno kwenye kompyuta. Leo vijana huandikiana kwa simu, wengi wakitumia vikundi vya Discord, mtandao ulioanza mwaka 2015.

JE, NI DHAMBI?

Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliiogopa sana michezo ya namna hii, wakihofia kwamba ingewaingiza watoto katika uchawi. Hatutaki kulidharau swali hilo. Zipo hadithi zinazosifu uovu na uchafu, na mzazi ana haki ya kusema hapana. Lakini kubuni hadithi si dhambi. J.R.R. Tolkien, aliyetoa The Hobbit mwaka 1937, alikuwa Mkatoliki, C.S. Lewis, aliyeanza kutoa hadithi za Narnia mwaka 1950, alikuwa Mwanglikana. Na nabii Nathani alipotaka kumfikia mfalme Daudi, alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Hadithi ilifika mahali ambapo hotuba isingefika.

Basi tuulize: hadithi inasimuliwa na nani, inasimuliwaje, na inamfundisha mtoto moyo wa namna gani?

NYUMA YA MHUSIKA KUNA MTU

Mwaka 1993 jumuiya moja ya maandishi iitwayo LambdaMOO, iliyokuwa kwenye kompyuta huko California, ilipata msiba wake. Mchezaji mmoja alitumia programu iliyomwezesha kuandika mambo machafu kana kwamba wahusika wa wenzake ndio waliokuwa wakiyatenda na kutendewa. Wenye wahusika walisoma tu kwenye vioo vya kompyuta zao, bila kuulizwa na bila kukubali. Hakuna aliyeguswa mwili. Hata hivyo, mwanamke mmoja aliyedhalilishwa hivyo alimweleza mwandishi Julian Dibbell kwamba alikuwa akitokwa na machozi alipoandika malalamiko yake. Mwishowe mhusika wa yule mkosaji aliondolewa, na jumuiya ikajiwekea njia ya kupiga kura juu ya mambo yake.

Ulimi hauna mfupa, walisema wazee wetu, na vidole navyo ni hivyo hivyo. Adabu zote za mchezo huu zinatoka katika fundisho alilotupa Bwana Yesu, kuwatendea wengine vile tunavyotaka kutendewa sisi.

ADABU ZENYEWE

1. Piga hodi. Kila kikundi kina sheria zake zilizobandikwa mbele. Mgeni huzisoma kwanza, hutazama wenyeji wanavyoandika, ndipo huomba nafasi. Kuingia na kuuvuruga mji wa watu kwa moto na majoka siku ya kwanza ni sawa na kuingia nyumba ya mtu na kuhamisha viti.

2. Mwendeshe mhusika wako tu. Hili ndilo kosa linaloleta ugomvi kuliko yote. Asiandike, "Nakuchoma mkuki, unaanguka na kufa." Aandike, "Naurusha mkuki kuelekea kifuani pako," kisha amwachie mwenzake aseme kama umempata au ameukwepa.

3. Kubali kushindwa. Mhusika asiyepigika, asiyekosea na asiyechoka humchosha kila mtu. Anayekubali kujeruhiwa leo huwapa wenzake sababu ya kumwokoa kesho.

4. Usitumie siri usiyopewa. Mchezaji amesoma kwamba kikombe cha mfalme kina sumu, lakini mhusika wake hakuwapo chumbani. Akikimbia kumzuia mfalme asinywe, amewaibia wenzake hadithi.

5. Subiri zamu, na ukipewa zamu mwachie mwenzako kitu cha kushika. Jibu la maneno mawili huua hadithi. Gazeti zima nalo humfunika mwenzako. Hapa mtoto hujifunza mazungumzo ya kweli: kusikiliza, kujibu, kuuliza.

6. Tenganisha hadithi na maisha. Wachezaji wengi hutumia mabano kuonyesha kwamba sasa anasema mtu mwenyewe, si mhusika. Mhusika wa mwenzako akimtukana wa kwako, hajakutukana wewe. Na wewe usijifiche nyuma ya mhusika wako kumtukana mtu uliyemkasirikia shuleni.

7. Ulizaneni kabla ya mambo mazito. Mateso, vifo vya watoto, ukatili: huenda mwenzako amemzika mdogo wake mwezi uliopita. Anayesema "basi, tuache hapo" aachiwe bila kudaiwa maelezo.

8. Aga. Ukiwa na mitihani au msiba, sema. Watu watano wanaweza kukwama mlangoni pa pango wakimngoja mmoja aliyenyamaza.

PALE AMBAPO MAMA ASILEGEZE KAMBA

Adabu peke yake haimlindi mtoto na mtu mwenye nia mbaya. Anayejiita msichana wa miaka kumi na minne aweza kuwa mwanamume mzima, na hadithi ni kichaka kizuri cha kujifichia. Kwa hiyo tunashauri haya yawe sheria ya nyumba.

Aliye chini ya umri unaoruhusiwa na mtandao asiingie. Discord, kwa mfano, haipokei walio chini ya miaka 13. Jina kamili, shule, mtaa na picha visitolewe. Hadithi za mapenzi na watu asiowajua zisiwepo kabisa, hata kama wahusika ni wa kubuni. Anayemvuta mtoto kutoka kwenye kikundi aende naye faraghani, anayemtumia zawadi au fedha, na zaidi anayemwambia, "Usimwambie mama," huyo ni fisi aliyevaa ngozi ya kondoo.

Likitokea jambo kama hilo, msianze kwa kumpiga mtoto. Mwambieni kwamba amefanya vema kusema. Msiufute ujumbe, kwa sababu huo ndio ushahidi. Mzuieni mtu huyo, waarifuni wasimamizi wa kikundi, na kama kuna vitisho au mambo ya aibu, nendeni polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda.

ADABU YA MAMA MWENYEWE

Sisi nasi tunadaiwa adabu. Kumnyang'anya mtoto simu na kuwaandikia wenzake matusi ni kumwaibisha mbele ya watu ambao huenda ni watoto wema wa akina mama wengine. Wakati wa chakula au wa kulala ukifika, mpe dakika tano aage. Kisha simu ifungwe kweli. Hakuna joka lisiloweza kungoja mpaka kesho. Sala ya jioni, masomo na kazi za nyumbani zitangulie.

Na jioni moja mwambie, "Hebu nisomee hadithi yenu." Usicheke, usihubiri. Uliza: Mhusika wako ni nani? Kwa nini ulimpa tabia hiyo? Nani anaandika upande wa pili, na umemjuaje? Kuna mtu aliyewahi kukuandikia jambo likakuumiza? Zamani bibi alisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Mtoto hajaacha kupenda ngano, amepata waitikiaji wengine. Mama akijiunga na walioitika, atasikia mengi ambayo upelelezi usingempa. Binti mkimya aweza kumweka mhusika wake katika nyumba ya baba mkali, na mama mwenye masikio akaelewa.

Kuna neno pia kwa wake wenyewe, maana mchezo huu si wa watoto tu. Ikiwa mama anaandikiana na mwanamume hadithi ambamo wahusika wao wanapendana, na usiku anangoja baba watoto alale ndipo aijibu, ajiulize kwa unyofu: machozi na furaha zile ni za mhusika, au zimeshakuwa zake? Kipimo chetu ni chepesi. Hadithi ambayo huwezi kumsomea mume wako kwa sauti, iache. Nyingi nyingine mnaweza hata kuziandika pamoja naye.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayejifunza katika mchezo kutomwamulia mwenzake, kukubali kushindwa, kukoma anapoambiwa "basi" na kuaga anapoondoka, anajifunza mambo atakayoyahitaji siku moja katika ndoa yake na kazi yake. Tusimwachie mgeni wa mtandaoni amfundishe hayo, wala tusimfungie mlango asiweze kuturudia anapoogopa.

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu na awape masikio ya kusikiliza.