Chuma mdomoni mwa farasi: FEI inamlinda nani?

Katika mashindano ya kimataifa ya kuruka vizuizi, farasi anaruhusiwa kuingia uwanjani bila chuma mdomoni. Anakimbia, anaruka kizuizi cha mita 1 na sentimita 60, na kinachomuongoza ni ukanda wa puani tu. Lakini katika dresaji, mchezo ambamo farasi anatembea hatua za kupimwa mbele ya majaji, shirikisho lile lile la kimataifa, FEI, linadai chuma. Asiye nacho anatolewa. Sababu gani mnyama anayeaminiwa akiruka haaminiwi akitembea?

Wakubwa wa mchezo wanajibu kwamba chuma kinaonyesha ufundi wa mpandaji: mkono mwepesi, mdomo uliotulia. Basi wafungue huo mdomo waangalie. Chuma kinakaa pale pasipo na meno, juu ya ulimi na juu ya mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba. Kule Finland, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulichunguza farasi 261 wa kukokota vigari vya mashindano, mara tu baada ya mbio. 219 kati yao walikuwa na vidonda au michubuko mipya mahali chuma kinapokaa. Ni mchezo mwingine, kweli, lakini mdomo ni ule ule. Na farasi akiumia mdomo hapigi kelele. Ananyamaza, na watu wanaita kunyamaza huko utii.

Mchungaji wa milima ya Kivu, hata yule anayelala leo chini ya shitingi na ng'ombe wake wamekwisha kuibiwa, aliongoza kundi zima kwa sauti na fimbo. Mtu atasema ng'ombe hapandwi. Sawa. Lakini huyo wa kuruka vizuizi anapandwa.

Wauzaji nao wasidanganye watu. Si kila hatamu isiyo na chuma mdomoni ni ya huruma. Ile yenye vyuma virefu pembeni na mnyororo chini ya kidevu inabana pua kama koleo, na mkono mbaya unaumiza nayo vilevile. Anayeanza achague ile rahisi, yenye ukanda mpana na pete mbili za kufungia kamba. Ukanda ukae juu ya mfupa mgumu wa pua. Ukishuka chini sana, mfupa pale ni mwembamba na pumzi inazuiliwa. Vidole viwili vipite chini yake. Siku za kwanza ni ndani ya uzio, mpaka mnyama ajue kusimama akiambiwa. Hata anayepewa punda wa kubeba maji au kuni kambini afanye hivyo hivyo: kamba pana ya kichwani, si waya mdomoni.

Uholanzi tayari inakubali hatamu hizo katika dresaji ya mashindano yake ya ndani, na mchezo haukufa. FEI ifungue mlango huo. Anayetaka chuma abaki nacho, na majaji wawapime wote kwa hatua zile zile.