Gunia Hatulicheki

Washairi wenzangu, naanza kwa kuungama. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Kiswahili sekondari wilayani Tarime, niliandika ubaoni ubeti wa mzaha ili kuonyesha matumizi ya chuku. Ulimhusu mama mnene aliyepanda baiskeli hadi tairi likapasuka. Vina vilikaa, mizani ikatimia, darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja wa dawati la nyuma hakucheka. Alikuwa na mwili mkubwa, naye alikuja shuleni kwa baiskeli ya baba yake. Kuanzia wiki ile alikuja kwa miguu, akachelewa, akaadhibiwa kwa kuchelewa. Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi.

Baiskeli zetu nazijua. Zile Phoenix za fremu ya chuma, zenye spoku 40 gurudumu la nyuma na 32 la mbele, hazikuundwa kwa ajili ya watu wembamba. Simama siku ya mnada, Tarime au Mugumu, utaona gunia la mahindi la kilo 100 juu ya keria, na mwenye gunia akiwa juu ya tandiko. Penye mlima hushuka akasukuma, wala hakuna anayemwona kituko. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli zilizovusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, na abiria hao hawakupimwa kwanza kwenye mizani. Basi baiskeli inayostahimili gunia inamstahimili pia mama mnene. Kisichomstahimili ni ulimi wetu.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa lugha. Kiswahili kilikuwa na adabu yake: mtu hunenepa, mnyama hunona. Kumwambia mtu "umenenepa" ilikuwa salamu ya heri, maana yake mambo yamekunyookea. Leo tunamwita "bonge". Bonge ni la ugali au la udongo. Tukisema "bonge lile limekalia baiskeli", tumemtoa binadamu katika ngeli ya watu, tukamweka pamoja na vitu, na sarufi imetusaidia kumdhalilisha bila sisi kutukana.

Najua nitajibiwa kwamba utani ni mila yetu. Ni kweli, nami naupenda. Lakini utani una sharti: mtaniwa awe na uwezo wa kujibu. Watani wawili hurushiana maneno, kisha wakala pamoja. Mwanafunzi yule angemjibu nini mwalimu mwenye chaki mkononi? Ule haukuwa utani, ulikuwa uonevu wenye vina.

Wengine watasema unene huleta maradhi, hivyo tusiusifu. Sijaomba usifiwe. Nauliza tu: mtu akiambiwa na daktari afanye mazoezi, akatoka alfajiri na baiskeli yake, nasi tukampigia miluzi njia nzima, kesho atatoka? Tunamlaumu kwa kukaa ndani ilhali mlango tumeufunga sisi.

Linalotakiwa si kubwa. Fundi akaze spoku na kumshauri tandiko pana, bila kumwuliza kama baiskeli "itamweza". Mwalimu achague mfano mwingine wa chuku, nayo chuku haina upungufu wa mifano. Na sisi malenga, kabla ya kuutoa ubeti wa kuchekesha, tumtafute kwa macho yule wa dawati la nyuma. Hujafa hujaumbika.

Ubeti ule niliufuta ubaoni siku ileile, lakini haukufutika alikofika. Huu nauweka mahali pake, nikiwa nimechelewa kama nilivyomchelewesha yeye:

Baiskeli haichoki, kwa gunia na kokoto,
Gunia hatulicheki, likipita penye mto,
Kwa nini hatumtaki, mwenye mwili wa uzito?
Njia kwa wote ni haki, kwa mkubwa na mtoto.