Sape, gambusi la Borneo lililokosa kazi

Ala ya muziki haifi kwa kukatika nyuzi. Hufa siku inapokosa kazi. Jumapili hii tuvuke bahari hadi kisiwa cha Borneo, jimbo la Sarawak nchini Malaysia, tuone yaliyoipata sape.

Sape ni jamii moja na udi na gambusi tunazozisikia katika taarabu. Wenyewe ni Wakayan na Wakenyah (jina tu, si sisi Wakenya!), wenyeji wa asili wa huko. Huchongwa kwa gogo moja, likachimbwa upande wa nyuma mfano wa mtumbwi. Kale ilikuwa na nyuzi mbili za mimea. Siku hizi huwa na tatu, nne au zaidi. Vijiti vidogo ambapo vidole hubania nyuzi hushikizwa kwa nta ya nyuki.

Kazi yake haikuwa burudani tu. Mgonjwa alipozidiwa, sape ilipigwa huku mganga akiiita roho irudi mwilini. Jioni nyingine ilipigwa barazani, katika nyumba ndefu zilizokaliwa na familia nyingi chini ya paa moja, watu wakacheza.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wengi waliingia Ukristo na uganga ukaachwa. Vijana wakafuata kazi mijini. Kisha mwaka wa 1998 na 1999, watu wapatao 10,000 wakahamishwa kupisha bwawa la Bakun. Muziki wenyewe haukuandikwa. Ulifunzwa kwa sikio. Kila mzee aliyefariki alizikwa na tuni zake.

Je, sape imekufa? La hasha! Bwana Mathew Ngau Jau, aliyetangazwa hazina ya taifa la Malaysia mwaka wa 2015, alifundisha hata wasichana, ingawa kale mila haikumruhusu mwanamke kuipiga. Mmoja wao, Alena Murang, amekwisha kuipiga katika majukwaa ya nchi nyingi.

Hata hivyo, jukwaa si baraza. Jukwaani ala hutafuta makofi. Kwa mgonjwa ilitafuta uhai. Tuni inaweza kuokolewa na maana yake ikapotea.

Basi, wanafunzi, mkimpata babu apigaye nyatiti au litungu, msimwombe wimbo tu. Muulizeni pia: ulipigwa lini, kwa nani, na kwa nini?