Urahisi wa programu ni wa nani, na hasara yake ni ya nani?

Tarehe 20 Oktoba 2025, huduma nyingi za intaneti duniani zilisimama kwa saa kadhaa. Hakuna waya uliokatwa wala umeme uliozimika. Katika vituo vya kompyuta vya Amazon vilivyoko Virginia, Marekani, programu mbili zinazotunza anwani za kanzidata moja zilipishana kazini, orodha ya anwani ikabaki tupu, na mifumo iliyoitegemea kanzidata hiyo ikashindwa kuifikia.

Watengenezaji wengi wa mifumo iliyosimama siku hiyo hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja kuhusu anwani hizo. Walikodi huduma iliyokwisha kuandaliwa, wakaambiwa mengine yote yatashughulikiwa nyuma ya pazia. Tukio hilo linarudisha hoja ya siku nyingi katika fani ya kompyuta: je, kumfichia mtengeneza programu ugumu ulio chini ya kazi yake kunamsaidia au kunamdhuru?

Wafanyabiashara wa mpakani wanaielewa hoja hiyo kuliko wanavyodhani. Wakala wa forodha humwondolea mwenye mzigo usumbufu wa nyaraka na mifumo ya kodi. Ni msaada mkubwa. Lakini wakala akikosea namba ya bidhaa kwenye tamko, lori linalolala mpakani ni la mwenye mzigo.

Faida za kuficha ugumu hazina ubishi. Mwaka 1957, kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa lugha ya Fortran, iliyomwezesha mtu kuandika hesabu kwa namna inayofanana na hesabu za kawaida badala ya amri za mashine. Wapo waliodhani mashine haiwezi kutafsiri kazi hiyo vizuri kama binadamu. Muda uliwakosoa.

Kuficha pia hupunguza makosa. Mwaka 2019, Microsoft ilieleza kuwa takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama inayoiziba kila mwaka hutokana na makosa ya kusimamia kumbukumbu ya kompyuta, kazi ambayo lugha nyingi za kisasa humfanyia mtengeneza programu zenyewe. Hapa kwetu, Safaricom ilipofungua mfumo wa Daraja mwaka 2017, hata vijana wawili wenye kompyuta moja waliweza kuunganisha duka na malipo ya M-Pesa. Bila njia hizo za mkato, wafanyabiashara wengi wadogo wasingepata programu ya bei wanayoimudu.

Madhara huanza pale kinachofichwa si kazi tu, bali pia uwezekano wa kazi hiyo kushindwa. Mwaka 1994, Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems waliandika kuwa ni hatari kumfanya mtengeneza programu aione kompyuta iliyo mbali kana kwamba ipo mezani kwake. Ndani ya mashine moja, amri kwa kawaida hufaulu au hushindwa. Kupitia mtandao kuna jibu la tatu: haijulikani.

Chukua mfano wa mnunuzi wa Nairobi anayemlipa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, huku lori likisubiri Namanga. Programu inatuma amri ya malipo. Fedha zinatoka, lakini jibu linapotea njiani. Mtengeneza programu aliyefundishwa kuwa kimya maana yake ni kushindwa ataiagiza programu ijaribu tena, na mnunuzi atakatwa mara mbili. Yule anayejua kilicho chini ataipa kila amri namba yake ya pekee, ili mfumo wa malipo utambue amri hiyohiyo ikirudiwa na usilipe tena. Kisha ataulizia hali ya muamala kabla ya kumwambia mteja lolote.

Mashaka hayo si nadharia kwa ukanda huu. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine jirani. Katika siku za aina hiyo majibu huchelewa au hupotea kabisa, na programu iliyoandikwa kana kwamba mtandao haukatiki huanza kudanganya vitabu vya hesabu.

Pazia lingine liko kwenye namba zenyewe. Lugha nyingi za kompyuta, zikiachiwa zitumie desimali kwa namna yao ya kawaida, zitajumlisha 0.1 na 0.2 kisha zitoe 0.30000000000000004, kwa sababu mashine huhifadhi namba kwa mafungu ya mbili. Kwa mtu mwenye mauzo ya shilingi na senti za Kenya anayezibadilisha kuwa shilingi za Uganda, ambazo kwa kawaida hazihesabiwi kwa senti, tofauti ndogo za namna hiyo zinaweza kujikusanya hadi daftari likakataa kulingana. Tiba ni rahisi: hifadhi fedha kama senti kamili, na amua mapema jinsi ya kukadiria mabaki. Lakini asiyejua ugonjwa hawezi kutafuta tiba.

Hii haina maana kwamba kila mtengeneza programu ajue yote. Hakuna binadamu anayeijua kompyuta nzima, kuanzia vipande vya silikoni hadi maandishi ya kwenye skrini. Anachohitaji ni kuijua tabaka moja chini ya ile anayoifanyia kazi, hasa namna inavyoharibika. Haja hiyo inaongezeka sasa, ambapo akili mnemba inaandika sehemu kubwa ya programu na mhusika anaweza kukabidhi mfumo wa malipo ambao hajausoma hadi mwisho.

Kwa mfanyabiashara, swali la kumpima muuza programu halihitaji elimu ya kompyuta. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, programu itajuaje kama fedha zimetoka? Mteja akibonyeza mara mbili, atakatwa mara ngapi? Senti zinakadiriwa wapi, na nani ameamua hivyo? Mikongo ya baharini ikikatika, je, ankara na orodha ya mzigo bado zitafunguka?

Muuzaji mwenye majibu ametumia njia za mkato akijua zinapita wapi. Anayejibu kuwa mfumo unajishughulikia wenyewe asipewe malipo ya mzigo mzima mpaka ajaribiwe kwa fedha kidogo, huku intaneti ikizimwa makusudi.