Damu ya Mama Bado Iko Kwenye Friza

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Utafiti,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa leo heshima hiyo naishikilia kwa shida.

Mwezi uliopita daktari anayeongoza utafiti wa saratani ya umio hapa Kilimanjaro alituita sisi ndugu wa wagonjwa, akatusomea barua yenu. Ombi la fedha za awamu ya pili mmelikataa. Awamu ya kwanza, ya kukusanya damu na kuuliza maswali, mliilipia ninyi wenyewe. Ya pili ndiyo ilikuwa ya kuipima hiyo damu.

Kichupa kimojawapo ni cha mama yangu. Alianza kwa kukwamwa na ugali, akahamia kwenye mtori, kisha uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi puani. Siku ya kutolewa damu hakuweza kumeza mate. Alipakata kikombe cha plastiki cha kutemea. Muuguzi akamwambia, "Mama, kama umechoka si lazima." Akakiweka kikombe chini, akakunja mkono wa gauni. "Toeni tu, wanangu. Labda itawafaa wajukuu." Wiki tisa baadaye tulimzika. Damu yake iko kwenye friza.

Mtafiti aliwahi kufika nyumbani akatumbukiza kipimajoto kwenye chai yetu: nyuzi 72. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Huenda. Mbona majirani wanaokunywa chai ileile hawajaugua wote? Ni chai, ni moshi wa jikoni, ni pombe, au ni kitu tulichorithi? Nina mabinti wawili, na hilo ndilo swali ninalolala nalo. Vile vichupa vilikusanywa ili kulitafutia jibu.

Kuna jambo jingine alilotusomea daktari. Mhakiki wenu mmoja alihoji kwa nini utafiti haukutilia mkazo kiungulia na unene. Mwenyekiti, hayo yanahusu saratani nyingine ya umio. Ndiyo iliyoenea Uingereza na Marekani, na huota sehemu ya chini ya umio, karibu na tumbo. Ya kwetu, inayoshuka na upande huu wa Afrika kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, hushika seli bapa za utando wa umio. Mama alikuwa mwembamba maisha yake yote. Alama za mhakiki huyo mlizihesabu, na damu ikabaki kwenye friza.

Mmeandika kwamba ombi "halikufikia kiwango cha ushindani". Basi kumbukeni: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe uliokuwa ukiharibu taya za watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipandishwa ndege Kampala kwenda London, na mwaka 1964 vikaonekana ndani yake virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Viligunduliwa kwa sababu kuna mtu alilipia kuvitazama.

Chapisheni alama na sababu za kila ombi mnalolikataa. Mketisheni kwenye kamati, akiwa na kura, mtu aliyemuuguza mgonjwa wa umio. Na msichukue tena damu ya mtu bila kutenga kwanza fedha za kuipima. Hili nawaambia wafadhili wote wanaokuja vijijini kwetu na sindano: anayekupa damu hali akishindwa kumeza mate amekukopesha, na unadaiwa.

Kwa sasa nataka jibu la maandishi kuhusu vichupa hivyo. Umeme wa friza na mafuta ya jenereta, daktari anasema, vimelipiwa hadi Desemba.

Binti wa mchangiaji damu,
Kilimanjaro