Isnadi Iliyokatwa Australia

Waliopitia madrasa wanaijua thamani ya isnadi: elimu hupokewa kinywani mwa mwalimu, naye aliipokea kwa mwalimu wake. Watu wasioandika dini yao hawana hifadhi nyingine ila vifua vya wazee na masikio ya watoto. Kwa kipimo hiki ndipo tunapoielewa dhulma waliyofanyiwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia.

Waingereza walipoanzisha koloni lao Sydney mwezi Januari 1788, bara hilo lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kila jamaa ilifungamana na ardhi yake: mlima huu, kisima kile, ni athari ya mababu waumbaji, na wimbo wake haukuimbwa ila na mwenye haki nao. Itikadi hiyo si yetu wala hatuitetei. Lakini uadilifu tumeamrishwa hata kwa tusioafikiana nao. Ukiwahamisha watu kama hao, umewanyang'anya riziki na mahali pa ibada kwa pamoja. Sheria ya mkoloni iliihesabu ardhi yao kuwa haina mwenyewe, na uongo huo haukubatilishwa na Mahakama Kuu ya Australia mpaka mwaka 1992, katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake wa visiwa vya Torres.

Pigo zito zaidi, kwa maoni yetu, lilikuwa kwa watoto. Mwaka 1915 jimbo la New South Wales liliipa bodi yake (iliyoitwa ya kuwahifadhi wenyeji!) mamlaka ya kuwachukua watoto bila amri ya mahakama. Wasichana walipelekwa Cootamundra kufunzwa utumishi wa majumbani. Wavulana walipelekwa Kinchela, ambako mtoto aliitwa kwa namba badala ya jina lake. Katika misheni na mabweni mengi, aliyesema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Ripoti ya tume ya haki za binadamu ya mwaka 1997 ilikadiria kuwa kati ya 1910 na 1970 walitenganishwa na wazazi wao baina ya mtoto mmoja katika kila kumi na mmoja katika kila watatu. Mzee alibaki na elimu yake, hana wa kumpokeza, akazikwa nayo.

Wala haikuwa lazima mgeni avunje. Mabaharia wa Makassar, wengi wao Waislamu, walifika pwani ya kaskazini kuvua majongoo bahari, wakafanya biashara na Wayolngu, kisha wakarejea kwao. Ugomvi ulitokea, hatukatai. Lakini watoto hawakukusanywa mabwenini. Serikali iliwanyima leseni mwaka 1906.

Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Radhi haimfundishi mtoto wimbo wa babu yake. Wakaurna wa Adelaide wanajifunza upya lugha yao kwa kutegemea zaidi kitabu cha wamisionari wawili wa Kijerumani kilichochapishwa mwaka 1840, chenye takriban maneno 2,000. Maneno wameyapata; matamshi mengine wanalazimika kuyakisia, kwani Bibi Ivaritji, anayehesabiwa kuwa wa mwisho kuipokea lugha hiyo nyumbani kwao, alifariki mwaka 1929.